Naomba ushauri: "tafakari kwa kina" ni sawa au ni kurudia maana?

Habari zenu wanajukwaa. Shikamooni wakubwa, na wadogo nawasalimu.

Nahariri maandishi ya mwenzangu na nimekwama kwenye kitenzi "tafakari". Yeye kaandika kila mahali "alitafakari kwa kina". Mimi nasikia kama "kina" tayari kimo ndani ya kitenzi. Nilipomwambia akacheka, akasema kila mtu anasema hivyo (kweli, hata watangazaji).

Nimepekua kamusi: kufikiri kwa makini, asili Kiarabu. Hapo hakuna ubishi, maana mzizi ni f-k-r, uleule uliotupa "fikiri" na "fikra". Kilichonivutia ni umbo: "tafakari" inafuata kitenzi tafakkara, na "tafakuri" inafuata nomino yake tafakkur. Jozi ya kitenzi "taamali" (nacho ni kufikiri sana) na nomino "taamuli" nayo iko vivyo hivyo. Kwa hiyo mtu akiandika "tafakari yangu" badala ya "tafakuri yangu" huwa nasita, ingawa naona matumizi yameshazoeleka na sitaki kuwa polisi wa lugha.

"Waza" nimeijaribu, ila naona nyepesi: mtu huweza kuwaza tu bila kukusudia, lakini hatafakari bila kukusudia.

Sasa wataalamu nisaidieni: je, "kwa kina" niifute au niiache kama mkazo? Na "tafakari" ikitumika kama nomino, mhariri airekebishe iwe "tafakuri", au zote mbili zinakubalika?

Natanguliza shukrani.