Kutoka kutangaza mpira redioni kwenda TV: demo iweje?

Makorora Kwetu
Wakuu, shikamooni. Natangaza mpira redioni hapa Tanga na nataka kuomba kazi ya kutangaza mechi kwenye TV. Wanaonisikiliza huku wanatazama picha wanasema naongea mno. Nipunguze nini hasa? Na demo, ile rekodi fupi ya kuonyesha ninavyotangaza, niiandaeje?

Mgosi wa Ngamiani
Marahaba. Redioni wewe ndiye macho ya msikilizaji. Kwenye TV macho anayo, kwa hiyo "anapokea, anageuka, anatoa pasi" zote ziondoke. Baki na jina la mwenye mpira, halafu leta kile ambacho kamera haikionyeshi: beki wa kulia amepanda na nyuma yake pako wazi, kiungo tayari ana kadi ya njano, kuna mtu anapasha misuli kando ya benchi.

Goli likiingia taja mfungaji, taja matokeo, nyamaza. Uwache uwanja uimbe. Watangazaji wengi wanaotoka redioni huharibu hapo hapo, wanapiga kelele juu ya kelele za mashabiki mpaka mtazamaji hasikii chochote. Marudio yakianza ni zamu ya mchambuzi. Usiseme "ameotea" kabla hujayaona, picha ikikukana hakuna atakayekuamini dakika 90 zote.

Bi Chumbageni
Mgosi kasema kweli, ila huwezi kunyamaza kwa utulivu kama hukujiandaa. Chukua karatasi ya A4, ilaze, igawe katikati. Panga majina kama wachezaji wanavyosimama uwanjani, si kwa mfuatano wa namba. Chini ya kila jina mistari miwili tu, ukiandika aya nzima hutaisoma. Vikosi rasmi hutoka kama saa moja kabla ya mechi, hivyo andaa wachezaji wote waliosajiliwa mapema, kisha hamishia 11 na wa akiba. Matamshi ya majina ya wageni muulize meneja wa timu, usibahatishe.

Historia nayo ina wakati wake. Ubingwa wa Coastal Union wa 1988 utaje mchezaji akiwa anatibiwa, si mpira ukiwa ndani ya 18. Kwa penalti chora safu mbili na uweke alama kila mkwaju, ujue mapema mkwaju upi unamaliza mchezo. Ngao ya Jamii ya Agosti 2023 pale Mkwakwani, Simba na Yanga 0–0 kisha Simba 3–1 kwa penalti, ni mechi nzuri ya kufanyia zoezi hilo.

Sheria pia zisome kila msimu. Tangu 2025/26 kipa akikaa na mpira mikononi zaidi ya sekunde 8 ni kona. Bado wapo wanaotaja sekunde 6 na mpira wa adhabu.

Fundi Mitambo
Ukiwa uwanjani tangaza kwa kufuata skrini inayotoka kwenye gari la matangazo. Kisimbuzi kinachelewa sekunde kadhaa, ukikifuata utatangaza goli watu wameshakaa. Mwongozaji atakusemesha sikioni huku wewe unaongea, na usimjibu hewani. Jizoeze nyumbani: tangaza huku mtu anakusomea gazeti kwenye hedifoni ya sikio moja.

Demo: dakika 5 hadi 7, bila muziki. Rekodi kwenye chumba chenye godoro na mapazia, simu iwe umbali wa shubiri moja na kando kidogo ya mdomo, la sivyo "p" na "b" zitapuliza. Kusi likivuma funga dirisha.

Makorora Kwetu
Ahsanteni sana. Nianze na goli?

Bi Chumbageni
Anza na goli, ndiyo. Halafu weka dakika 3 mfululizo za mpira wa kawaida, usikate chochote. Mkuu wa michezo atakupima kwa hizo, maana goli kila mtu analitangaza vizuri. Usipandishe picha za ligi mtandaoni, zina wenyewe. Tumia mechi ya mtaani uliyopewa ruhusa kuirekodi. Na masharti ya elimu ya kupata kitambulisho cha Bodi ya Ithibati ya Waandishi wa Habari yasome sasa hivi, kabla hujatuma maombi.