Volan (usukani) ya gari inatetemeka nikishuka mulima wa Ngomo

Bandugu wa Bukavu, nikishuka Ngomo kuenda Kamanyola nikifinya freni volan inatetemeka mpaka mikono inauma. Garaji moja iliniambia diski zimepinda, ninunue mpya. Ni kweli?

— Kaka usinunue kwanza. Mara mingi diski haipindi, ni plaketi (vile vipande vinabana diski) inaacha alama mahali pamoja, unene wa diski unapitana kidogo tu na mguu unasikia. Volan ikitetemeka, anzia freni za mbele.

— Toa diski uangalie kutu nyuma yake kwenye mwaye (kitovu cha gurudumu), mimi nilikuta kipande cha kutu kama ukucha wa mtoto, nikasugua na brosi ya chuma, nikafunga bulo za gurudumu kwa msalaba zikaze sawa, ikatulia. Na mulima shuka na vitesi ya pili, tafazali, usikalie freni.

— Aksanti bakubwa, kesho nafungua.