Safari za mikoani: umewahi kupigwa wapi, na siku hizi unafanyaje? Tupeane uzoefu

Wakuu, salaam. Desemba inanukia na sisi watu wa Rombo tumeshaanza kupiga hesabu za kwenda nyumbani. Nimechoka kufika kwa mama mfuko umetoboka. Ukichunguza, hela haiishii kwenye nauli. Inaishia kati ya geti la stendi na mlango wa basi.

Mwaka juzi nilifika Stendi ya Magufuli pale Mbezi, Dar, tarehe 22, saa kumi na moja alfajiri, sina tiketi. Sijakaa sawa kushuka kwenye bodaboda, begi langu liko mgongoni kwa kijana anakimbia: "Broo, Moshi hiyo, gari inatoka!" Nikalifuata begi, siyo gari. Nikakatiwa tiketi ya mkono, elfu kumi na tano juu ya nauli elekezi ya LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa nchi kavu. Gari "inayotoka" ikatoka saa tatu. Kwenye siti yangu nikamkuta mama na mtoto, tiketi yake ina namba ileile. Ningefanyaje? Wami nimeivuka nimekalia ndoo.

Sasa hivi nakata tiketi kwa simu wiki mbili kabla, nasafiri tarehe 18, na pale getini kila anayeniuliza naenda wapi namjibu, "Nampokea mgeni." Wanakuacha palepale. Mwenye lake aweke.

Shemeji wa Dodoma: Mkuu, hiyo ya kumpokea mgeni naiiba. Mimi Dodoma nilishahamia treni ya umeme tangu ianze 2024. Daraja la kawaida lilianza kwa 31,000, na nafika mchana kazini bila kupoteza siku. Ila treni haina cha "konda, nisubiri niko hapa Kimara". Iliniacha kwa dakika tano, nikarudi kulala kwa ndugu, na siku ya pili nikanunua tiketi nyingine. Wa Morogoro nanyi, kituo kiko Kihonda, siyo mjini. Nauli ya boda patana kabla hujapanda. Ukiuliza umeshafika, utatajiwa bei ya mgeni.

Mama Ntilie Mstaafu: Nimeuza chakula njia kuu miaka tisa, nawaambia ukweli: basi linaposimama dakika kumi, bei yetu inajua huna pa kwenda. Bebeni chapati na mayai ya kuchemsha. Maji nunueni mtaani kwenu.

Mpanda Mipaka: Namanga. Nilikuwa na haraka ya kuwahi gari la Nairobi, nikabadilisha hela kwa kijana wa nje. Alihesabu mbele yangu, nikaona zimetimia. Kumbe noti mbili zilikunjwa katikati, kila moja imehesabiwa mara mbili. Niligundua nimeshavuka. Tangu hapo nabadilisha dukani, nahesabu mwenyewe, noti moja moja juu ya meza, hata kama foleni inaguna. Na kitabu cha chanjo ya homa ya manjano nakiweka pamoja na pasi. Kukikosa ndiyo mwanzo wa "tusaidiane, kaka".

Mtu wa Mjini Unguja: Mkishuka botini msijibu "nakwenda Nungwi" kwa kila anayeuliza. Ipo daladala 116, wenyeji tunapanda hiyo. Ni ndefu na joto, lakini unabaki na hela ya urojo.

Dada wa Tabata: Jamani, msiwaseme vijana wa stendi wote. Nilisafiri na mapacha wa miezi minne, mabegi matatu. Kijana mmoja alinibebea hadi siti, akamtoa mtu aliyekalia nafasi yangu, nikampa elfu mbili akasema "weka ya maziwa". Ninachofanya mimi: bei ya mzigo naitaja kwanza, na begi lenye nguo za watoto sitoi mkononi.

Mwanzisha uzi: Dada, umenibana. Kijana yule wa Mbezi nilimwona tena mwaka jana, akanitambua! Akaniuliza, "Broo, leo unakwenda?" Nikamwambia nampokea mgeni. Akacheka, akaangalia begi langu, akasema, "Mgeni wako anakuja na begi lako?"

Ukweli wazee, mbinu inahitaji kubadilishwa. Anayesafiri tarehe 18 aje na nyingine.