Meza na benchi za mtiki zipo nje, niache zipauke au nipige vanishi?

Wakuu habari zenu, naomba ushauri kwa mafundi na wenye uzoefu. Nina meza na benchi za mtiki zipo uani huku Kigamboni, jua la kutwa na upepo wa chumvi, sasa ile kahawia yake imeanza kupauka inaenda kijivu na ukipitisha mkono juu ya meza unasikia nyuzi za mbao zimesimama, ila mbao yenyewe ngumu vilevile, haina ufa wala kuoza.

Fundi anasema mtiki una mafuta yake mwenyewe, niache tu, hicho kijivu ni cha juu juu, siku nikitaka napiga msasa rangi inarudi. Mama watoto anataka vanishi ing'ae. Mi vanishi naiogopa kweli, kwa jirani ilibanduka magamba magamba, maji yakapenya chini yake pakawa peusi, na kuikwangua yote ni kazi haswa. Mafuta ya kitani je, kwa unyevu huu wa pwani si yatavuta ukungu? Halafu miguu ya benchi inayoshinda kwenye maji masika, hapo mnapaka nini? Mwenye mtiki aliouacha nje miaka bila kupaka kitu anijuze, na picha atupie.