Vifaranga 9 wamebaki 2, na mayai yanapungua chini ya kuku. Huyu ni mwewe au nini?

Dada wa Chanika

Habari za jioni wakuu. Mnivumilie, maelezo ni marefu kidogo.

Niko Chanika, Dar es Salaam. Mwanzoni mwa mwaka nilinunua mitetea sita na jogoo mmoja, kienyeji wa kawaida tu, mtetea mmoja ni kishingo, wale wa shingo tupu. Banda langu chini ni tofali bila lipu, juu mabanzi, bati, sakafu ya udongo. Pembeni mle mle ndani naweka magunia ya pumba.

Watatu wakaanza kuatamia, kila mmoja kwa wakati wake. Wa kwanza nikamwekea mayai 13, wa pili 12, kishingo ndiyo kaanza majuzi, ana 11. Yote niliyaosha kwa maji ya sabuni yakawa yanang'aa.

Wa kwanza katotoa 9. Siku ya tatu nikamtoa nje na wanawe, jioni wakarudi 8. Kesho yake 7. Nikajua ni mwewe, maana huku wanazunguka kila siku. Nikawafungia ndani, hakuna kutoka. Asubuhi nafungua nahesabu, watano. Kufuli limefungwa na ufunguo ninao mimi! Leo wamebaki wawili, na mmoja anachechemea, kidole cha mguu hakipo.

Huyu wa pili ndiye ananichanganya zaidi. Nilimwekea 12. Juzi alipotoka kunywa maji nikahesabu, yako 9. Hakuna ganda, hakuna ute, kiota kikavu. Jana nikahesabu tena, yako 10. Jirani ananiambia hiyo ni chuma ulete, uchawi wa kuiba vitu bila kuonekana.

Fundi kanipigia hesabu ya wavu wa kufunika uwanja wote, laki tatu na nusu. Nitoe hiyo hela au nitakuwa nimeitupa?

Mpenda Supu

Ngoja waje wenye uzoefu. Nimekaa pembeni na daftari langu.

Kijana wa Mbagala

Chuma ulete anachukua matatu halafu anarudisha moja? Huyo ana huruma, muache.

Mama Matenga

Pole sana mdogo wangu. Mimi niko Singida, kuku nimewakuta kwa mama yangu na mama naye aliwakuta kwa mama yake, kwa hiyo nisikilize.

Hilo yai lililoongezeka halina uchawi. Mtetea mwingine ameingia kutaga pale pale mwenzake alipotoka. Kuku akiona kiota chenye mayai roho yake inatulia, anataga hapo. Shida yake ni kwamba yai hilo limechelewa. Wenzake wakitimiza siku 21, lenyewe siku zake bado, mama anaondoka na watoto na yai linabaki linakufa. Chukua penseli, siyo kalamu ya wino, weka alama kwenye yai kila unalomwekea. Ukikuta lisilo na alama, toa, kaanga. Na kuku anayeatamia mtenge, hata kwa kipande cha gunia, wenzake wasimpande.

Kuosha mayai usirudie. Yai linatoka na utando mwembamba juu ya ganda unaozuia vijidudu kupenya. Ukiliosha kwa sabuni umeuvua. Yai chafu liache kwa kula, la kuatamisha chagua safi kutoka kiotani. Lisikae zaidi ya siku saba hadi kumi kabla ya kuwekwa, likae mahali penye ubaridi wa kawaida, ncha iangalie chini.

Jingine, usimwekee kila kuku kwa siku yake. Wa kwanza akianza kung'ang'ania kiota mpe mayai mawili ya bure ayalalie huku akiwangoja wenzake. Wakiwa tayari watatu, siku hiyo hiyo usiku unawawekea mayai mapya wote. Wanatotoa pamoja, unawapa vifaranga mama wawili (usiku, kimyakimya, unawasukumia chini ya mbawa), huyo wa tatu unamrudisha kwa jogoo.

Kuhusu mwizi wako nawaachia wanaume, mimi hapo nina hasira naye.

Mzee wa Kiota

Binti yangu, hiyo laki tatu na nusu iweke kwanza.

Mwewe haingii bandani usiku akafungua kufuli. Mwewe anakuja mchana, kweupe, anachukua mmoja, anaondoka, na utasikia mama kuku anapiga kelele mpaka jirani anatoka nje. Wewe umepoteza wawili mchana na watano usiku. Hao ni wezi wawili tofauti na wewe unataka kuwafunga wote kwa wavu mmoja.

Kila mwizi ana mwandiko wake. Kanu, yule mnyama wa porini kama paka mwenye madoa, akipata upenyo haondoki na mmoja, unakuta kuku wakubwa wamelala chini, shingo zimetafunwa. Nguchiro anapenda mayai, anayabamiza yapasuke, kwa hiyo maganda yatabaki. Kenge naye anakuja mchana, anameza yai zima. Nyoka pia anameza zima na kiota kinabaki kikavu kama chako. Panya anaburuza. Anavuta kifaranga kutoka chini ya mama kwa mguu, na asipofaulu anaondoka na kidole. Yai analisukuma taratibu mpaka kwenye shimo lake. Kwa hicho kidole na hicho kiota kikavu, mimi nawaza panya, ila nyoka sijamfuta.

Fanya hivi leo. Chekecha majivu ya jikoni, yawe laini kama unga. Jioni kuku wakishaingia mwaga sakafuni, sambaza kuzunguka kiota na kando ya kuta zote. Asubuhi usikanyage, piga magoti mlangoni na tochi, usome. Nyoka anaacha mchoro wa kupinda hauna miguu. Panya anaacha vidole vidogo vidogo na katikati mstari wa mkia. Paka anaacha duara bila kucha. Ukipata jibu njoo.

Dada wa Chanika

Shikamoo mzee. Majivu ninayo, nafanya leo leo.

Bwana Haraka

Unasumbuka bure. Paka sumu kwenye dagaa, tupia mle bandani, asubuhi unaokota maiti, mchezo umekwisha.

Mama Matenga

Bwana Haraka, asubuhi ataokota kuku. Kuku akiona dagaa ataacha? Na panya aliyekula sumu akitoka akafia nje, paka wa jirani anamla, bundi anamla, na hao ndio walikuwa wanakusaidia kupunguza panya. Usimpotoshe mwenzio.

Mpwani wa Kilifi

Poleni sana. Huku kwetu Kilifi mwewe wapo lakini adui mkubwa wa kifaranga wa chini ya wiki mbili ni kunguru, hawa wa shingo ya kijivu waliovuka bahari kutoka Bara Hindi wakaingia Unguja mwisho wa karne ya 19. Mwewe ana haya kidogo, kunguru hana. Wanakuja wawili, mmoja anamchokoza mama kuku mbele, mama akimrukia, wa pili ashachukua mtoto nyuma. Dada, hapo uani kuna mti?

Wengine huwapaka vifaranga rangi ya zambarau ati mwewe asiwatambue. Mimi niliwahi kuwapaka, kumi. Kunguru walichukua wanne wa zambarau.

Msumbufu wa Kanyigo

Nitoke nje ya mada kidogo. Mimi niko Kagera na kilichonitoa machozi ni siafu. Kuku anayeatamia ni mama kwelikweli, haachi mayai. Siafu walimpanda usiku na asubuhi nilimkuta amekaa vilevile juu ya mayai yake, amekufa, macho hayapo. Tangu hapo kiota changu kiko kwenye kasha lenye miguu minne na kila mguu umesimama ndani ya kopo la oili chafu. Na majivu nazungushia banda msimu wa mvua. Chanika sijui kama mnao, ila kasha lenye miguu halina hasara.

Dada wa Chanika

MREJESHO. Mzee wa Kiota, Mungu akuzidishie umri.

Asubuhi nimepiga magoti kama ulivyosema. Mchoro wa nyoka hakuna. Vidole vipo, vikubwa kuliko nilivyotegemea, na mstari wa mkia umenyooka kutoka kwenye kiota cha kuku wa pili mpaka nyuma ya magunia ya pumba. Nimesogeza gunia la mwisho, nyuma yake shimo ngumi yangu inaingia na nafasi inabaki. Mume wangu kachimba kwa jembe. Humo ndani tumekuta maganda ya mayai, mahindi, kijiko changu cha chai (!) na bawa la kifaranga. Mwenyewe alichomokea tundu la pili nje ya ukuta. Mume wangu anasema alikuwa kama paka.

Mpwani, mti upo, mwembe wa jirani unaingia uani. Nimekaa dirishani kuanzia saa mbili mpaka saa nne. Mwewe hata mmoja hakushuka. Kunguru wanne walikuwa juu ya mwembe muda wote, kimya, wanaangalia banda langu.

Kijana wa Mbagala

Huyo ni panya buku dada. Ndugu zake wako pale Chuo Kikuu cha Sokoine Morogoro wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini, wengine wananusa kifua kikuu. Wa kwako ndiye aliyekosa ajira akaingia kwenye wizi.

Mzee wa Kiota

Sasa tumemjua. Pumba itoke bandani leo, hiyo ndiyo iliyomwita, vifaranga amevikuta tu. Ihamishie kwenye pipa lenye mfuniko. Shimo lijaze kokoto na vipande vya chupa, juu zege. Sakafu yote ukiweza mwaga zege jembamba, usipoweza chimba kandokando ya kuta futi moja na nusu, laza waya wenye matundu madogo, yule ambao hata kidole kidogo cha mkono hakipiti, kisha fukia. Waya wa kawaida wa kuku haufai, panya mdogo anapita na nyoka anapita. Tofali zako piga lipu ndani na nje mpaka magotini. Hesabu yake huenda ikawa chini ya huo wavu wa fundi.

Usiku mama na wanawe walale kwenye kasha lililoinuliwa, lenye mlango wa waya. Mtego wa kubana utegwe nje, kwenye lile tundu la pili.

Mama Matenga

Na mchana, tenga. Yale matenga makubwa ya mianzi, siyo ya nyanya. Unalifunika juu ya mama kuku, kivulini, unaweka jiwe juu lisipinduliwe. Mama akiwa chini ya tenga watoto hawaendi mbali, na kunguru akitua wanakimbilia ndani. Ila wiki ya kwanza na ya pili usiwaruhusu hata kuchungulia nje ya tenga. Baada ya mwezi hivi kifaranga ana mbio na ana akili, kunguru anamuacha. Mwewe bado atamjaribu, hapo ndipo utakapohitaji vichaka viwili vitatu vya kujificha kwenye uwanja wako. Uwanja mweupe uliofagiliwa ni sahani ya mwewe.

Ukiwa na nafasi fuga kanga wawili. Mwewe akiwa bado kidoa angani kanga ameshapiga kelele. Ila majirani watakuchukia, nakwambia mapema.

Wale wawili waliobaki umewachanja kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku? Tone moja jichoni, na wakubwa rudia kila miezi mitatu. Usije ukamshinda panya ukazikwa na kideri.

Dada wa Chanika

MREJESHO WA PILI, wiki mbili na nusu baadaye.

Wawili wapo hai, aliyekatwa kidole tumempa jina la Fundi. Kuku wa pili alitotoa watano, mengine yalikuwa viza, kuosha mayai sirudii. Wote watano wapo, wanaishi chini ya tenga. Kunguru walikuja siku tatu mfululizo, siku ya nne wakahamia kwa jirani mwenye bata. Panya buku kanaswa Jumanne.

Kishingo nilimpima mayai siku ya saba kwa tochi ya simu kwenye tundu la boksi. Tisa yalikuwa na mishipa myekundu kama buibui, mawili meupe nikayatoa. Leo ni siku ya 21, ametotoa wanane. Moja limetoboka tangu mchana, mdomo unaonekana, analia humo ndani ila hatoki. Nilimenye kidogo nimsaidie? Moyo unaniuma.

Mama Matenga

Usiguse! Bado anafyonza kiini na mishipa ya kwenye utando ina damu. Ukimenya sasa atatokwa damu afe mikononi mwako. Muache na mama yake mpaka asubuhi, usifungue fungue kumtazama, joto na unyevu vinapotea. Nenda kalale.

Dada wa Chanika

Sijalala. Katoka mwenyewe saa kumi na moja alfajiri, shingo tupu kama mama yake.