Naomba ushauri: Nairobi hadi Diani na nyanya wa kiti cha magurudumu

Hamjambo wote. Tuko tisa: nyanya wa miaka 84, babu anayetembea na mkongojo, watu wazima watano na watoto wawili. Safari ni Agosti. Barabara tumeifuta kabisa. Zaidi ya kilomita 480 za kukaa, nyuma ya malori, humvimbisha nyanya miguu, na choo chenye nafasi ya kiti ni bahati nasibu. Kwa hivyo ni treni ya SGR ya asubuhi kutoka Syokimau, kisha gari la kukodi kutoka kituo cha Miritini, Mombasa, kupitia barabara ya Dongo Kundu, tuepuke foleni ya feri Likoni.

Kiti kina upana wa sentimita 64, kikikunjwa 30, uzito kilo 17. Nyanya husimama dakika moja akishikwa, lakini goti halipandi zaidi ya sentimita 20, na hapo ndipo tulipokwama. Tulijaribu van ya Hiace: kidato cha mlango kiko juu mno, tukaweka kigoda, kikayumba. Kwenye gari dogo la saluni aliingia vizuri, akianza kukaa kisha tukamgeuza miguu, ila kiti cha magurudumu kikameza buti yote.

Sasa, pale Miritini dereva huruhusiwa kusogea hadi mlango wa kutokea, au ni kusukuma kiti mpaka maegeshoni?

Na je, ni heri magari mawili, saluni ya wazee na van ya wengine, au Mombasa kuna van ya rampu ya kukodi? Mliowahi kuitumia, kiti kilifungwaje kisiteleze?