Mjadala: "Huduma zilizopo zinatosha." Zinamtosha nani?

MLETA MADA

Wakuu, naomba tulichambue hili bila jazba. Eneo la biashara likipendekezwa, lenye ofisi, maghala na karakana, huja na ripoti ya tathmini. Sura ya maji, umeme, majitaka na taka ndiyo huwa nyembamba kuliko zote, na huishia kwa sentensi ileile: huduma zilizopo zinatosha. Ukiuliza ushahidi, unaonyeshwa barua mbili za watoa huduma za kusema tuko tayari kuwaunganisha.

Msimamo wangu ni kwamba sura hiyo hupima majengo, ilhali maji na umeme huvutwa na wapangaji, na siku ripoti inaandikwa wapangaji hawajulikani. Ghala la vitambaa na ghala la vyumba vya baridi yanafanana kwenye ramani, lakini kwenye mita ya umeme hayajuani kabisa. Cherehani kumi na mtambo wa kusindika maziwa vyote huandikwa "viwanda vidogo". Majitaka ya majumbani huhitaji kama miligramu 200 hadi 400 za oksijeni kwa kila lita ili uchafu wake uoze. Ya maziwa mara nyingi huvuka 1,000. Kwa hiyo lita zilezile zinaweza kufika kwenye mabwawa ya kusafishia majitaka zikiwa na mzigo wa uchafu mara tatu au nne, na ripoti ikabaki sahihi kwa lita.

Halafu kuna ule wastani. Chukua mfano wa kubuni: wafanyakazi 3,000, kila mmoja lita 50 kwa siku. Jumla ni lita 150,000. Gawanya kwa saa 24, unapata lita 6,250 kwa saa, mtu anapiga muhuri. Lakini hakuna anayenawa pale saa nane usiku. Maji hayo hutumika ndani ya saa kumi, ambayo ni lita 15,000 kwa saa, na mchana watu wakitoka kula huenda yakafika maradufu ya hapo. Jirani aliye mwisho wa bomba, mlimani, hakutani na wastani. Anakutana na ile saa ya mchana.

MHANDISI WA MAJI, MSTAAFU

Kijana wangu, umesema kweli nusu. Mhandisi anayejua kazi hachagui bomba kwa wastani. Anazidisha kwa kilele, na mara nyingi kinachoamua ukubwa wa bomba kwenye maeneo haya ni maji ya zimamoto, wala si ya vyoo. Bomba likitosha kuzima moto wa ghala, vyoo havilishindi.

Pia umesahau jambo linalowatetea hawa watu. Majumbani kilele cha maji ni alfajiri na jioni. Ofisini ni mchana. Bomba lile lile na transfoma ile ile vinaweza kuhudumia wote kwa zamu, na mteja wa biashara kwa kawaida hutozwa bei ya juu kuliko ya nyumbani. Mamlaka nyingi za maji huziba pengo la wateja wadogo kwa pesa za wakubwa. Ukimfukuza huyo, bili ya bibi yako ndiyo itakayopanda.

Na ukijenga kwa hofu, ukalaza bomba kubwa kwa wapangaji wasiokuja, maji hulala ndani siku nyingi na klorini, dawa ya kuua vijidudu, hufifia. Hasara hiyo huwa haipigiwi kelele.

MLETA MADA

Mzee, hoja ya zamu naikubali kwa ofisi. Kwa vyumba vya baridi siikubali, maana kompresa, ile mashine ya kupoza, haiendi nyumbani saa kumi na moja. Ndiyo maana narudi palepale: tunazungumzia mpangaji gani?

MZOA TAKA

Mnabishana maji na umeme, taka mmeziachia sentensi moja kama ripoti yenyewe. Nimeendesha lori la taka miaka mingi, hebu nisikilizeni.

Kwanza, ripoti huhesabu tani. Sisi tunajaza ujazo. Mita moja ya ujazo ya maboksi yasiyokunjwa haifiki kilo 100. Lori lisilo na mashine ya kushindilia linajaa likiwa bado jepesi, linakwenda dampo, linarudi. Tani chache kwenye karatasi ni safari nyingi barabarani. Mtu akiweka mashine ya kufunga maboksi pale pale ndani, nusu ya kazi yangu imeisha, na maboksi yanauzika. Sijaona ikiwekwa kuwa sharti.

Pili, si kila kinachotoka pale ni changu. Taa za mirija zina zebaki. Betri, katriji za wino, makopo ya rangi, mafuta machafu ya karakana: vyote hivi vikitupwa kwenye kontena moja na mabaki ya chakula, mimi ndiye ninayevigusa, tena kwa mkono.

Tatu, na hili hunichekesha: wachoraji huchora kijumba cha taka kizuri nyuma ya jengo, kisha lori haliwezi kugeuka. Tunarudi kinyumenyume mita mia kati ya magari ya wateja.

MPANGAMIJI

Niongeze moja ambalo ripoti hulipitisha haraka: maji ya mvua. Tuseme eneo lina hekta 20: asilimia 70 yake ikiwa paa na lami, hizo ni mita za mraba 140,000. Mvua ya milimita 50 ikinyesha juu yake ni mita za ujazo 7,000. Zamani sehemu kubwa ilinywewa na udongo. Sasa karibu yote inakimbilia mtaroni kwa pamoja, na chemba za majitaka zilizo bondeni zikiingiwa na maji hayo hufumuka. Bwawa la kuyashikilia lazima liwe ndani ya kiwanja chao, na lijengwe kabla ya lami.

Kuhusu barua, zipo sehemu zimekataa barua tupu. California ilipitisha sheria mwaka 2001: eneo la viwanda la watu zaidi ya 1,000, au la zaidi ya ekari 40, lazima lipate tathmini ya maji ya miaka 20 mbele, ikiwemo ya miaka kadhaa ya ukame mfululizo, pamoja na miradi mingine inayosubiri chanzo hicho hicho. Barua ya kuunganisha huangalia mteja mmoja leo. Watano wanaweza kupewa barua tano kwa chanzo kinachotosha wawili.

MHANDISI WA MAJI, MSTAAFU

Hapo nanyoosha mikono. Nilikuwa naandika barua hizo, na hakuna aliyewahi kuniuliza nimeshaandika ngapi.

Basi kila kiwanja kipewe kikomo chake kwenye kibali: lita kwa siku na kwa saa ya kilele, kilowati, mzigo wa majitaka. Mpangaji anayetaka zaidi atathminiwe upya na alipie mwenyewe nyongeza ya bomba au transfoma.

MZOA TAKA

Na mita za ujazo za taka, mzee. Usizisahau tena. Halafu huyo atakayesoma hivyo vikomo kila mwezi analipwa na nani?

MLETA MADA

Mwenye eneo alipe, lakini asiwe yeye wa kumchagua huyo msoma vikomo. Mwenye njia bora zaidi ailete.